Filta ya mifuko kwenye kiwanda cha saruji: namna ya kuiendesha na kuitunza

Filta ya mifuko ni mashine inayochuja vumbi hewani kwa mifuko ya kitambaa. Ukisimama karibu na iliyo nzima, utaisikia: pa! Kimya kwa sekunde 15 hivi, kisha pa! tena. Kila mlio ni mpulizo wa hewa ya kompresa unaoshuka ndani ya safu moja ya mifuko. Kitambaa kinatutumka kwa ghafla, na vumbi lililojikusanya upande wa nje linaporomoka kwenye hopa, yaani faneli kubwa iliyo chini ya mifuko. Fundi aliyeizoea hupita hapo akielekea kwingine, na bado akajua kwamba safu ya 7 leo haijalia.

Naandika kwa ajili ya fundi au mwendeshaji anayekabidhiwa mashine hii kwa mara ya kwanza, hasa kwenye sehemu ya kupakia saruji, ambako watu hufanya kazi hatua chache tu kutoka linapotimkia vumbi. Mengi ya humu yanafaa pia kwenye kinu cha unga au karakana ya mbao, ila huko kuna hatari ya mlipuko ambayo saruji haina. Nitaieleza mahali pake.

Ielewe kwanza mashine. Feni iko mwisho wa njia, upande wa hewa safi. Inavuta hewa kupitia vikombe vya kufyonzea vilivyowekwa juu ya mashine ya kupakia, hewa inasafiri kwenye mabomba, inaingia kwenye sanduku la filta, vumbi linabaki nje ya mifuko, na hewa safi inapanda kwa ndani, inavuka bamba la matundu na kutokea kwenye dohani. Ndani ya kila mfuko kuna keji ya waya inayouzuia usijikunje. Juu ya kila safu kuna bomba dogo lenye vitundu, na kila bomba lina diaframu yake (raba inayofungua na kufunga njia ya hewa) na solenoidi yake (vali ndogo ya umeme inayoiamuru diaframu), zote zikila hewa kutoka tangi moja. Taima ndiyo inayozipanga kwa zamu.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawaambiwi siku ya kwanza. Kitambaa peke yake si kichujio kizuri. Kinachochuja hasa ni tabaka jembamba la vumbi lililotulia juu ya kitambaa. Ndiyo maana mfuko mpya hupitisha vumbi zaidi kuliko mfuko uliokwisha kuzoea kazi, na ndiyo maana kupuliza kupita kiasi ni kuharibu. Sehemu kubwa ya makosa niliyoyaona yanatokana na kutolijua hili.

Hatua ya 1: Ijue geji yako, kisha usiiamini hivi hivi

Geji ya tofauti ya presha ina mirija miwili. Mmoja unapima upande wa vumbi, mwingine upande wa hewa safi. Tofauti kati yake inakuambia hewa inapata shida kiasi gani kupenya mifuko. Husomwa kwa milimita za maji au kwa paskali. Milimita 1 ni karibu paskali 10.

Mifuko mipya inaweza kuonyesha milimita 30 hadi 50. Ikishazoea kazi, filta nyingi za aina hii hutulia mahali fulani kati ya 80 na 150. Lakini namba ya kufuata ni ya filta yako wewe. Iandike kwenye daftari kila zamu kwa wiki kadhaa, mashine ikiwa imebeba mzigo wa kawaida, nawe utaijua hali yake ya kawaida. Baada ya hapo unachotafuta ni badiliko. Ikipanda pole pole kwa wiki nyingi, mifuko inaziba. Ikipanda ghafla ndani ya zamu moja, tazama hewa ya kompresa, taima au hopa iliyojaa. Ikishuka ghafla, kuna mfuko umechanika au umechomoka, au hewa haifiki kabisa kwa sababu dampa, yaani kilango cha kupunguza hewa bombani, imefungwa au mkanda wa feni unateleza.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo geji ilisoma milimita 60 kwa karibu wiki tatu mfululizo. Tuliandika 60, 60, 60, na kila mtu aliridhika. Wapakiaji wakaanza kulalamika kwamba vumbi linawapiga usoni. Tukawajibu kwamba filta iko sawa, geji inasema hivyo. Walikuwa wakweli, sisi ndio tuliokosea. Mrija wa upande wa vumbi ulikuwa umeziba: saruji kidogo, unyevu kidogo, ikaganda humo kama jiwe. Tulipoukata, kipande kigumu chenye urefu wa kidole gumba kilianguka kiganjani mwangu. Geji ilipounganishwa upya ilisoma zaidi ya 230.

Tangu siku hiyo nafanya hivi kila wiki: nachomoa mirija yote miwili kwenye geji, naangalia kama sindano inarudi sifuri, kisha naipuliza mirija kuelekea kwenye filta kwa hewa kidogo. Usipulize kuelekea kwenye geji, utaiua. Na namba isiyotikisika hata kidogo kutoka zamu hadi zamu naichukulia kuwa ugonjwa, maana filta inayofanya kazi hupanda na kushuka kidogo kila inapojipuliza.

Hatua ya 2: Kuwasha kwa mpangilio

Anza mwisho wa njia ya vumbi, rudi nyuma. Washa kwanza skrubu (parafujo ndefu inayosukuma vumbi) na vali ya kuzunguka (inayotoa vumbi bila kuingiza hewa) chini ya hopa, ili vumbi litakaloanguka lipate pa kwenda. Hakikisha tangi la hewa limefika presha yake; nyingi hutaka baa 4 hadi 6, kitabu cha mashine kitakwambia. Washa feni dampa yake ikiwa imefungwa, kwa sababu ikianza na mzigo wote mota itavuta umeme mwingi mno. Feni ikishika kasi, fungua dampa taratibu. Washa taima. Mashine ya kupakia iwe ya mwisho kabisa.

Kama mifuko ni mipya, usiitupie saruji ya moto na nyingi mara moja. Fungua dampa kidogo tu na uzime taima mpaka geji ipande kiasi, tabaka lile la vumbi lipate kujijenga kwa upole. Viwanda vingine hupaka mifuko unga wa chokaa kabla ya kuanza, na ni desturi nzuri.

Baada ya fundi umeme kugusa mota ya feni, tazama inazunguka kuelekea wapi. Feni ya aina hii ikigeuzwa nyuzi bado huvuta hewa upande ule ule, ila kidogo sana. Watu huhangaika siku nzima wakitafuta tundu kwenye mifuko, kumbe ni nyuzi mbili zimebadilishana.

Hatua ya 3: Hewa ya kompresa

Hapa ndipo filta nyingi za ukanda wetu wa pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa, zinapofia. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na msimu wa masika ndio zaidi. Kompresa inaikamua hewa hiyo na maji yanatoka. Yasipotolewa, yanarushwa pamoja na mpulizo ndani ya mfuko. Saruji na maji wakikutana unajua kinachofuata. Nimewahi kutoa mifuko iliyosimama yenyewe sakafuni kama nguzo, migumu kiasi cha kuigonga ikalia. Mifuko hiyo haioshwi, haikung'utwi, inatupwa.

Kwa hiyo, kila mwanzo wa zamu fungua koki iliyo chini ya tangi la hewa la filta. Si ile ya kompresa peke yake. Mvuke mwingine hugeuka maji njiani. Weka kiganja mbele ya hewa inayotoka, mbali kidogo, uone kama kinalowa. Kama inatoa maji kila mara, tatizo liko kwenye kikausha hewa au kwenye koki za kompresa, na lishughulikiwe huko. Ukiona rangi ya mafuta kwenye maji, mwite fundi wa kompresa siku hiyo hiyo, maana mafuta huziba kitambaa kusikofungulika tena.

Kisha sikiliza. Tembea na kalamu, hesabu milio ya safu zote. Mlio mkavu, mfupi, wenye nguvu ni mzima. Kimya maana yake solenoidi imekufa, waya umekatika au taima inairuka safu hiyo. Mlio mzito uliovutika ni diaframu iliyochoka au presha ndogo. Na ukisikia ssss isiyokoma, diaframu imepasuka au kuna uchafu umeizuia isifunge, nayo inamwaga hewa ya tangi lote, hivyo hata safu zisizo na kasoro zinapulizwa kwa unyonge. Diaframu ni kipande cha raba cha bei ndogo. Weka kadhaa stoo, na unapobadilisha futa kikalio chake kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga.

Mpulizo wenyewe huwa wa sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Kuurefusha hakuongezi usafi, kunamaliza hewa tu. Kinachoutikisa mfuko ni ule mshtuko wa mwanzo. Kama geji inapanda, usikimbilie kupandisha presha na kupunguza muda kati ya mipulizo. Tafuta sababu kwanza. Presha kubwa inapasua mishono, inaupigisha mfuko kwenye waya za keji, na inalisukuma vumbi laini kupenya kitambaa. Ukiona moshi mwembamba dohani kila baada ya pa!, filta inapulizwa kupita kiasi au mfuko wa safu hiyo umetoboka. Kama taima yako inaweza kuongozwa na geji, ipange ianze kupuliza kwa mfano ikifika 120 na iache ikishuka 90. Mifuko itakushukuru kwa kudumu.

Hatua ya 4: Hopa ni njia, si ghala

Vumbi likijaa hopani mpaka kufikia chini ya mifuko, hewa inayoingia inalirusha juu, linaisugua mifuko sehemu za chini na kuitoboa. Hakikisha skrubu na vali ya kuzunguka vinazunguka muda wote filta ikifanya kazi. Usiishie kuangalia mota. Tazama mhimili wenyewe. Mnyororo ukikatika, mota huendelea kuzunguka bila kazi na taa ya kijani inawaka kule chumba cha uendeshaji.

Ndani ya filta kuna mvuto. Kila uwazi ulioko chini, kwenye mlango wa hopa au kwenye mabawa ya vali yaliyolika, unaingiza hewa ya nje, na hewa hiyo inapanda na vumbi ambalo lilikwisha kuanguka. Chukua uzi mwepesi au kipande cha karatasi laini, kipitishe taratibu kwenye maungio yote. Kikinyonywa, umepata uvujaji. Badilisha raba ya mlango.

Na nyundo iache. Ukikuta hopa imejaa mabonde ya nyundo, ujue vumbi limekuwa likiganda humo kwa muda mrefu, na kila bonde jipya linalipa vumbi mahali pengine pa kushikilia. Tafuta maji yanaingilia wapi. Mara nyingi ni mlango wa juu ambao raba yake imekufa, mvua ikinyesha yanatiririka ndani.

Hatua ya 5: Mabomba na dampa

Vumbi la saruji linahitaji hewa iende kama mita 18 hadi 20 kwa sekunde kwenye bomba ili lisitue njiani. Ikipungua, linalala chini ya bomba, nafasi inapungua, na bomba linaweza kuwa zito hata kuning'inia. Ligonge kwa vifundo vya vidole chini na juu: palipo tupu panalia, palipojaa pananyamaza. Kwenye kona, tazama upande wa nje wa mkunjo, ndio unaotobolewa na msuguano.

Dampa za matawi zikishasawazishwa, ziwekee alama ya rangi na uzifunge kwa boliti. Kila mtu hupenda sehemu yake ivute zaidi, na anayefungua yake anamnyang'anya mwenzake wa pili. Vivyo hivyo mtu akikata tundu jipya kwenye bomba ili kufyonza sehemu ambayo haikuwamo kwenye mpango, filta haikui kwa sababu hiyo. Kila kikombe kinadhoofika.

Hatua ya 6: Kuzima

Simamisha upakiaji. Acha feni ivute dakika 10 au 15, mabomba yasafike. Zima feni, lakini acha taima ipulize raundi chache bila mvuto, maana vumbi huanguka vizuri zaidi hewa ikiwa imetulia. Skrubu na vali viendelee mpaka hopa iwe tupu. Kulaza saruji hopani usiku wa masika ni kujitafutia kazi ya patasi asubuhi.

Hatua ya 7: Kutafuta mfuko uliotoboka na kuubadilisha

Dohani ya filta isiyo na kasoro haionyeshi kitu. Usiku, elekeza tochi yenye mwanga mkali kukata hewa inayotoka. Vumbi usiloliona mchana litametameta.

Kabla ya kufungua mlango wowote: pata kibali cha kazi, zima feni, skrubu, vali na taima, weka kufuli lako na kadi yenye jina lako kwenye kila swichi, toa hewa yote ya tangi. Funguo ibaki mfukoni mwako. Skrubu haijui kwamba kuna mkono ndani yake. Kuingia hopani au chumba cha vumbi ni kuingia mahali finyu: hewa ipimwe, uvae mkanda wa usalama, na mtu asimame nje muda wote bila kazi nyingine.

Upande wa juu, bamba la matundu linapaswa kuwa safi kiasi cha kukalia. Kijilima cha vumbi kando ya tundu moja kinakuonyesha mkosaji, au jirani yake. Kama vumbi limetapakaa kote, safisha kwanza, kisha tumia unga maalumu wa rangi inayong'aa: unamwagwa kwenye bomba la kuingilia feni ikivuta, halafu feni inazimwa na kufungiwa upya, na unapita juu ya bamba gizani na taa ya mwanga wa urujuanimno. Palipovuja patang'aa.

Chora ramani ya mifuko, kwa mfano safu 12 zenye mifuko 10 kila moja, na uandike tarehe kwenye kila uliobadilisha. Baada ya mwaka ramani itakuambia mambo: matundu yakijirudia karibu na mlango wa kuingilia hewa, bamba la kukinga mkondo limelika, yakiwa chini kabisa, mifuko inagusana au hopa hujaa, yakiwa kwenye mistari ya wima, keji zina kutu.

Pitisha kiganja chenye glovu juu ya keji nzima kabla ya kuirudisha. Waya uliochomoka hata milimita mbili utautoboa mfuko mpya mapema. Elekeza mishono yote upande mmoja, hakikisha pete ya mfuko imeingia kwenye bamba na haizunguki kirahisi, kisha tazama kutoka chini kama mifuko imening'inia bila kugusana.

Usiweke mfuko mmoja mpya katikati ya mizee. Hewa hupita penye ulaini, kwa hiyo mfuko huo utabeba zaidi ya fungu lake na kuharibika upesi. Afadhali kuziba tundu kwa kizibo mpaka wakati wa kubadilisha safu nzima, mradi vizibo visiwe vingi, au kutumia mfuko wa zamani ulio mzima. Na agiza kitambaa kinachofaa: poliesta hustahimili takriban nyuzi joto 130 za Selsiasi, lakini joto na unyevu pamoja huiozesha hata chini ya hapo.

Kama vumbi lako linaungua

Unga, sukari, mbao na makaa ya mawe ya kusaga ni habari nyingine. Mwezi Februari 2008 vumbi la sukari lililipuka kwenye kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, Georgia, Marekani, na watu 14 walikufa. Kilichoeneza maafa ni vumbi lililokuwa limelala sakafuni na juu ya mihimili, ambalo mlipuko wa kwanza uliliinua na kuliwasha. Huko filta inahitaji mifuko na keji zilizounganishwa na waya wa ardhi, milango ya kupasukia inayoelekea pasipo na watu, na marufuku ya kuchomelea mpaka njia yote isafishwe. Mpango wa saruji usiuhamishie huko ulivyo.

Hatua ya 8: Watu walio karibu na mashine

Mpakiaji ndiye geji ya kweli. Akikuambia leo linanikaba, nenda kaangalie kabla ya kumaliza chai. Vumbi laini, lile lisiloonekana kwa macho, ndilo linalofika ndani kabisa ya pafu, na penye mchanga wenye silika linaacha makovu yasiyotibika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zinamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi, na kuziba chanzo kunatangulia barakoa. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Inatakiwa ya kiwango cha N95 au FFP2 kwenda juu, ikae usoni bila uwazi.

Usifagie kwa ufagio mkavu, na usijipulize nguo kwa mpira wa kompresa. Vumbi linarudi hewani, na hewa yenye presha inaweza kupenya ngozi au kuumiza jicho. Tumia mashine ya kufyonza. Saruji ikikaa kwenye ngozi yenye jasho inaunguza, kwa hiyo maji yawe karibu.

Mifuko ya zamani ichomoe taratibu, iingize kwenye magunia ya plastiki papo hapo juu ya filta na uyafunge mdomo kabla ya kuyashusha. Ukiitupa chini wazi, umewarudishia wapakiaji vumbi ulilowakinga nalo mwaka mzima. Mipya itunze stoo kavu, ndani ya maboksi yake, mbali na panya, na keji zilale kwenye rafu bila kurundikiwa kitu juu.